Mpishi, Mlipaji na Fundi: Miaka Arobaini ya Nishati Safi Afrika Mashariki

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati. Dunia ilikuwa bado inauguza majeraha ya bei ya mafuta iliyoruka mwaka 1973 na kuruka tena mwaka 1979, na serikali zilizokuwa maskini wa dola zilitafuta kitu cha kushikilia. Zaidi ya hapo, tangu 1975 mtafiti Erik Eckholm wa taasisi ya Worldwatch alikuwa ameonya kwamba kwa sehemu kubwa ya wanadamu uhaba wa nishati unaouma kila siku ni wa kuni, wala si wa petroli. Wajumbe walizungumza habari za jua, upepo na gesi ya samadi. Katika jiji hilohilo, kwenye vibanda vya Shauri Moyo na Kamukunji, mafundi walikuwa wakigonga mabati chakavu kutengeneza majiko ya mkaa yaliyopikia mamia ya maelfu ya watu. Ukifuata yaliyotokea katika miaka arobaini iliyofuata, utaona kwamba vibanda vile vilikuwa na mengi zaidi ya kusema kuhusu nishati safi kuliko maazimio mengi ya mkutano. Kifaa kilidumu pale kilipopitia mikono ya watu watatu kabla ya kuitwa kimekamilika: mpishi anayekitumia, mlipaji anayekigharamia kwa fedha za siku, na fundi anayekiunda na kukitengeneza kikiharibika. Mmoja wao alipoachwa nje, kifaa kilikufa, au kilienea kikiwa na deni ambalo mtu mwingine alilipa baadaye.

Jiko la bati halikuwa la kale. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba liliingia pamoja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli, likashika miji ilipokua. Lilikuwa rahisi, jepesi kubeba, na fundi yeyote mwenye nyundo na mkasi wa bati aliweza kuliunda kwa mapipa na vyuma vilivyotupwa. Lakini lilikuwa mlafi wa mkaa. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba ni kati ya asilimia 10 na 20 tu ya joto iliyofika kwenye sufuria. Nusu au zaidi ilipotea kupitia kuta za bati, na nyingine ikatoka kama gesi ambazo hazikuungua vizuri, ikiwemo ile ya kaboni monoksidi inayoua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Familia ya mjini iliyonunua mkaa kwa kopo ilikuwa inalipia moto wa kupasha hewa ya jikoni.

Kulirekebisha jiko hilo lilionekana jambo dogo kwa mhandisi, na hapo ndipo wengi walipojikwaa. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala mwaka 1976, jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena lilisifiwa kote duniani na mfano wake ukapelekwa katika nchi nyingi. Lilikuwa zuri kulitazama, lina bomba la moshi na matundu ya sufuria kadhaa. Watafiti walipolipima kwa makini walikuta kwamba mara nyingi lilikula kuni sawa na mafiga matatu, au hata kuzidi, kwa sababu udongo wake mnene ulinyonya joto kabla sufuria haijapata sehemu yake. Majiko ya jua nayo yaligawiwa kwa nia njema katika sehemu nyingi za Afrika, huku chakula kikuu cha siku kikipikwa magharibi, jua limekwisha kwenda zake. Hata miongo mitatu baadaye, uchunguzi wa Esther Duflo, Michael Greenstone na Rema Hanna katika jimbo la Odisha nchini India, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta kwamba majiko yaliyoboreshwa yalipunguza moshi mwaka wa kwanza, kisha faida ikafifia, kwa sababu watu hawakuyatumia sawasawa wala hawakuyafanyia ukarabati. Maabara ilikuwa imepima moto. Aliyeinama juu ya moto hakupimwa.

Kenya ilikwenda njia nyingine, ingawa si kwa busara ya siku moja. Baada ya mkutano wa 1981, Wizara ya Nishati iliendesha mradi wa nishati jadidifu kwa fedha za Marekani, na ndani yake kikundi kilichokuwa na mbunifu Maxwell Kinyanjui kikaanza kutafuta jiko la mkaa lililo bora. Wazo la msingi lilitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko lenye umbo la ndoo, bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Udongo huzuia joto lisikimbie kupitia kuta, na chekeche lake haliungui upesi kama chuma chembamba. Lakini ndoo ni pana juu na nyembamba chini, na chakula cha Kenya ni ugali. Anayesonga ugali anausukuma mwiko kwa nguvu za mabega, na jiko lenye kitako kidogo linayumba, pengine linapinduka na moto wake. Sampuli za mwanzo zilikuwa na kasoro nyingine: midomo ilikuwa midogo kwa sufuria nyingi za nyumbani, na kauri iliyofunika ukuta wote wa ndani ilipasuka kwa joto. Wanawake waliopewa kuzijaribu walisema hayo waziwazi, na mjadala kati yao, wabunifu, wafinyanzi na mafundi wa bati ndio uliozaa umbo tunalolijua leo: kiuno katikati, kitako kipana, kauri katika nusu ya juu tu ikiwa imeshikizwa kwa mchanganyiko wa saruji na vamikulaiti, matundu ya kupitisha majivu, na kimlango chini cha kuongeza au kupunguza hewa.

Kimlango hicho kinastahili kutazamwa kwa heshima. Mpishi hahitaji moto mmoja. Anahitaji moto mkali wa kuchemsha maji, kisha moto wa taratibu wa kuivisha maharage kwa saa mbili huku akifanya kazi nyingine. Kimlango kinampa mamlaka juu ya moto bila kitabu cha maelekezo, kwa ishara ya mkono aliyokwisha kuizoea katika jiko la zamani. Wataalamu wa leo wa usanifu wa matumizi wanafundisha kwamba kifaa kizuri kinajieleza chenyewe kwa anayekishika. Watu wa Nairobi waliofanya hivyo kwa bati na udongo katika miaka ya 1980 hawakuwa na jina la taaluma hiyo, na bado kazi yao inasimama kuwa mojawapo ya mifano bora kabisa ya taaluma yenyewe. Jiko jipya lilipeleka kati ya asilimia 25 na 40 ya joto kwenye sufuria, na kwa matumizi ya kawaida lilipunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu. Mpishi hakulazimika kubadili sufuria, chakula, wala mahali pa kupikia.

Jinsi jiko lilivyoenea ni sehemu ya usanifu wake pia. Halikufungwa kwa hataza. Shirika la KENGO, muungano wa asasi za Kenya zilizoshughulikia nishati, liliendesha mafunzo kwa mafundi na maonyesho kwa wanunuzi, kisha soko likaachiwa lifanye kazi, bila ruzuku ya kumshushia mnunuzi bei. Kazi ikagawanyika yenyewe: wafinyanzi walichoma kauri, mafundi wa Shauri Moyo wakaunda bati, wengine wakaunganisha, wachuuzi wakauza. Mazingira ya kisiasa nayo yalikuwa yanabadilika. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoifanya dunia itazame sekta isiyo rasmi kama uchumi wa kweli, na mwishoni mwa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuamuru wajengewe vibanda. Watu waliokuwa wakifukuzwa barabarani wakatajwa katika sera ya serikali. Jiko lilianza kwa bei iliyowatisha wengi, lakini washindani walipoongezeka bei ikaporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Umbo hilo likavuka mipaka. Dar es Salaam likaja kuitwa Jiko Bora, na asasi ya TaTEDO ikalifanyia kazi ya kulieneza. Rwanda, Uganda, Ethiopia na Sudan zikatengeneza ya kwao kwa udongo wao na majina yao.

Kuna pingamizi mbili hapa, na zote ni nzito. Ya kwanza inasema uhuru wa kunakili ulizaa takataka, kwamba wapo waliouza kauri isiyoiva, iliyopakwa rangi ikavutia macho na kupasuka ndani ya wiki chache. Ni kweli ilitokea, na aliyeumia ni mnunuzi maskini asiyeweza kununua mara mbili. Hata hivyo hasara hiyo ilikuwa na dawa ndani ya mfumo wenyewe. Kauri iliyopasuka ilibadilishwa peke yake, bati likabaki, na fundi aliyeuza ubovu alijulikana alipokaa. Pingamizi ya pili ni kubwa zaidi: jiko hili bado linachoma mkaa. Linapunguza, haliondoi. Miji imekua, na mkaa uliookolewa na kila nyumba umemezwa na wingi wa nyumba. Misitu imeendelea kukatwa kiasi kwamba Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na Tanzania, ilipojaribu kupiga mkaa marufuku Januari 2006, ililegeza amri baada ya majuma mawili hivi kwa kuwa miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Sina haja ya kuipamba hesabu hiyo. Ila funzo la jiko la kauri halikuwa mkaa. Lilikuwa njia ya kufikisha kifaa bora nyumbani mwa mtu bila amri na bila zawadi, na njia hiyo haijawa na mpinzani mwenye rekodi iliyo bora zaidi.

Wakati majiko yalipokuwa yakisambaa mijini, umeme wa jua ulianza kwa unyenyekevu vijijini. Mwaka 1984 Mmarekani Harold Burris, mhandisi, na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, walifunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru. Walimu na wakulima wa kahawa na chai waliona taa zinawaka bila jenereta, wakataka za kwao. Katika miaka ya 1990 soko likaota bila mpango mkuu wa serikali: vipaneli vidogo vya wati 10 hadi 14 viliuzwa madukani, mteja akaunganisha na betri ya gari na fundi wa mtaani akapitisha nyaya. Kufikia mwaka 2000 Kenya ilikuwa na zaidi ya mitambo 100,000 ya sola majumbani, kiwango kilichokuwa nadra katika nchi maskini. Mtafiti Arne Jacobson aliyelifuatilia soko hilo alikuta kwamba umeme mwingi uliliwa na televisheni na redio kuliko taa ya kusomea watoto, na kwamba walionufaika zaidi walikuwa watu wa kipato cha kati wa vijijini. Wafadhili wengine walisikitika. Mimi naona walisahau kuuliza mnunuzi anataka nini. Betri za gari zilikuwa zikibebwa kwenda kuchajiwa mjini kwa ajili ya televisheni kabla paneli hazijafika, na sola iliingia katika tabia iliyokuwapo tayari, kama jiko la kauri lilivyoingia. Ubovu ulikuwapo hapa pia. Upimaji uliofanywa mwaka 1999 na miaka iliyofuata ulionyesha kwamba baadhi ya paneli za bei nafuu zilitoa nguvu pungufu sana kuliko zilivyoandikwa. Matokeo yalipotangazwa, watengenezaji walilazimika kurekebisha au kupoteza soko. Soko huria linalopimwa hadharani lilijirekebisha. Lisilopimwa lingeendelea kuibia watu.

Uliobaki umefungwa ulikuwa mlango wa mlipaji. Mtambo wa sola unataka fedha nyingi siku ya kwanza na karibu bure siku zote zinazofuata. Mafuta ya taa ni kinyume chake: koroboi ni ya bei ya chini mno, na mafuta yananunuliwa kwa chupa ndogo jioni, kulingana na kilichopatikana mchana. Anayeishi kwa kibarua hawezi kulipa akiba ya miaka mitano kwa siku moja, hata ukimchorea hesabu ukutani kwamba atapata faida. Ufunguo ulitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 2005 Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa wakijaribu, Thika na maeneo mengine machache, njia ya kurejesha mikopo midogo kwa simu kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya na kampuni ya simu ya Safaricom. Waliona wateja wakitumia mfumo kwa jambo lingine: kutumiana fedha wao kwa wao. Mradi ukageuzwa ufuate walichofanya watu, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa ikiwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, kwa menyu fupi iliyofanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kabisa. Ndani ya mwaka mmoja waliojiunga walizidi milioni moja.

Hughes, Jesse Moore na Chad Larson ndio walioliona jambo la pili. Kama senti ndogo zinaweza kusafiri kwa simu, mtambo wa sola unaweza kuuzwa kwa kipimo cha koroboi. Kampuni yao, M-KOPA, ilianza kuuza rasmi mwaka 2012: paneli ndogo, taa, redio, kichaji cha simu, na kisanduku chenye laini ya simu ndani yake kinachofungua umeme malipo yakifika. Mpango uliojulikana sana katika miaka ya mwanzo ulidai amana ya shilingi 2,999 za Kenya na shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja, halafu mtambo ukawa mali ya mteja. Kampuni nyingine zilifika kwa njia zao. Azuri ilitumia kadi za kukwangua, mteja akiingiza namba kwenye mtambo. Arusha ilizaa Off Grid Electric, na Mobisol ya Berlin ikapeleka mitambo mikubwa zaidi Tanzania na Rwanda. Maelfu ya nyumba ambazo gridi isingezifikia kwa miaka mingi ziliwaka, na koroboi zikawekwa kando. Hayo ni mafanikio ya kweli, na msingi wake si paneli, ambayo ilikuwapo tangu Karamugi. Msingi ni kwamba kuna mtu aliyeitazama chupa ya mafuta ya taa na kuielewa kama mpango wa malipo.

Wapinzani wa mfumo huu husema kwamba maskini anauziwa ghali. Hesabu yenyewe ni shilingi 18,250 za malipo ya kila siku, ukijumlisha amana 21,249, juu kuliko ambavyo mwenye fedha taslimu angelipia vifaa vya aina hiyo dukani. Wanasema pia kwamba umeme unaozimwa kutoka mbali kwa ajili ya deni ni mkono wa mkopeshaji uliowekwa ndani ya chumba cha kulala. Nakubali uzito wa hoja ya pili kuliko ya kwanza. Bei ya mkopo inaweza kutetewa kwa hatari ya kumkopesha asiye na dhamana, na anayelipa 50 kwa sola mara nyingi alikuwa akilipa fedha zinazokaribiana na hizo kwa mafuta yenye moshi. Lakini kufuli lile lilisanifiwa kwa ajili ya kampuni, si kwa ajili ya mtumiaji. Mvua ikikatiza kazi ya kibarua, taa inazimika usiku uleule ambao inahitajika. Wala kampuni zenyewe hazikuokolewa na kufuli: Mobisol iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2019 na ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilifanyika kimya. Mfumo wa kulipa kidogo kidogo ulimkaribisha mtumiaji na mlipaji, ukamfungia fundi nje. Mtambo wa miaka ya 1990 ulikuwa wazi: betri ya gari, nyaya, swichi, vitu ambavyo fundi wa redio wa sokoni alivielewa. Kisanduku kipya kilifungwa kabisa, kwa sababu kama mteja au fundi angeweza kukifungua angeweza pia kukwepa malipo. Dhamana ikiisha na betri ikafa, paneli inayoweza kufanya kazi miaka mingi ijayo inabaki juu ya paa bila kazi. Jamie Cross na Declan Murray, waliofanya utafiti wao Bomet na kuutoa mwaka 2018, walikuta watu hawatupi sola zilizoharibika. Wanaziweka ndani, wakitumaini zitarekebishika, na mafundi wa mtaani wanajaribu kuzifufua kwa vipuri vya simu na redio. Mafundi hao ni jamaa wa karibu wa wale wa Shauri Moyo. Hawakuwahi kuulizwa.

Sasa historia imerudi jikoni. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo. Mitungi midogo ya gesi imekuwa ikigawiwa na kuuzwa kwa ruzuku. Kazi ngumu ni kujaza mtungi ule mara ya pili, maana gesi inadai fedha za wiki kadhaa kwa mkupuo ilhali mkaa unauzwa kwa kopo. KopaGas, iliyoanzia Dar es Salaam na teknolojia yake kununuliwa na Circle Gas mwaka 2020, ililijibu swali hilo kwa mita inayofungwa kwenye mtungi na kumruhusu mteja alipie gesi ya mlo mmoja kwa simu. Upande wa umeme, programu ya utafiti ya MECS iliwaomba wapishi wa Nairobi na, kwa ushirikiano na TaTEDO, wa Dar es Salaam waandike kila chakula walichopika, kwa nishati gani na kwa muda gani, kabla na baada ya kupewa majiko ya umeme. Madaftari yao yalionyesha kwamba sufuria ya presha ya umeme inamudu sehemu kubwa ya vyakula vya kawaida, na kwamba faida yake ni kubwa hasa kwa maharage na makande, vile vinavyokula mkaa mwingi kuliko vyote.

Mpishi ameulizwa, basi, na mlipaji amepata mita. Amebaki fundi. Sufuria ya presha ya umeme ina mpira wa mfuniko unaochakaa, ina kihisi joto, ina ubao mdogo wa elektroniki ambao umeme ukipanda na kushuka unaweza kuuunguza. Kama mkakati wa 2034 utaagiza sufuria kwa mamilioni, mkataba wa ununuzi unapaswa kutaja mpira huo kwa bei yake, mchoro wa ubao huo uwe wazi kwa anayetaka kuusoma, na vyuo vya ufundi vya VETA vipewe sufuria za kufungulia kabla shehena ya kwanza haijashuka bandarini.